"Kuna Mtu Ndani?" Kuwakumbuka Wazimamoto Waliofia Kazini

Kila mwaka, tarehe 4 Mei, vituo vya zimamoto katika nchi nyingi huwakumbuka wazimamoto waliokufa wakiwa kazini. Siku hiyo huitwa Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto. Haina sherehe kubwa. Anayetaka kushiriki huvaa utepe wa rangi mbili, nyekundu kwa moto na bluu kwa maji. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo, saa sita mchana, ving'ora hupigwa kwa sekunde 30, kisha watu hunyamaza kwa dakika moja.

Kwa mkazi wa Nairobi, awe anauza nguo Tom Mboya Street, anapanga chumba Kawangware au anasomesha mtoto Dagoretti, siku hii inamgusa kwa namna nyingine zaidi ya heshima kwa marehemu. Ukichunguza jinsi wazimamoto wanavyokufa, unakuta kwamba mara kadhaa moto wenyewe haukuwa sababu pekee. Kulikuwa na habari moja ambayo hawakuipata kwa wakati, na habari hiyo walikuwa nayo watu waliokuwa pale kabla ya gari la zimamoto kufika.

Siku ilivyoanza

Tarehe 2 Desemba 1998, wazimamoto watano wa kujitolea walikufa karibu na mji mdogo wa Linton, katika jimbo la Victoria, Australia. Msitu ulikuwa unaungua. Watano hao walikuwa ndani ya gari lao, si mbele ya moto bali kando yake, mahali palipoonekana salama. Upepo ukageuka ghafla. Upande uliokuwa ubavu wa moto ukawa ndio uso wake, na gari likafunikwa na ndimi za moto pamoja na wote waliokuwemo.

Wiki chache baadaye, Januari 1999, mzimamoto mmoja wa Australia alituma barua pepe kwa wenzake duniani akipendekeza iwepo siku moja ya kuwakumbuka wote. Tarehe 4 Mei ilichaguliwa kwa kuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Florian, askari wa Kirumi aliyeuawa kwa kuzamishwa mtoni yapata mwaka 304 katika eneo ambalo leo ni Austria. Ulaya humhesabu kuwa msimamizi wa wazimamoto. Mtu hahitaji kuwa Mkristo ili kuiadhimisha siku hii. Vituo vya nchi za dini zote huiadhimisha.

Jambo la maana zaidi lilitokea Victoria kwenyewe. Baada ya uchunguzi wa vifo vile, iliamuliwa kwamba mtu wa kujitolea hataruhusiwa kwenda kwenye moto wa msitu kabla ya kumaliza kiwango cha chini cha mafunzo. Watano wale wanakumbukwa kwa utepe, lakini pia wanakumbukwa kila mara mwanafunzi mpya anapoketi darasani kabla ya kupewa koti na kofia.

Mzimamoto hufa vipi?

Wengi hudhani ni kwa kuungua. Hutokea, lakini mara nyingi kinachoua ni moshi. Godoro, viti vya sofa, nyaya za stima, viatu vya plastiki na mitumba ya nailoni vikiungua hutoa gesi zenye sumu ambazo pumzi chache tu humlegeza mtu mzima. Ndiyo maana mzimamoto huingia akiwa amebeba mtungi wa hewa mgongoni na barakoa usoni. Mtungi huo si wa kudumu. Ule wa kawaida hukadiriwa kutoa hewa ya nusu saa hivi, na anayepanda ngazi akikokota mpira wa maji huku moyo ukimwenda mbio huimaliza mapema zaidi. Dakika za kutoka nazo zinatoka kwenye mtungi huohuo. Akipotea ndani ya jengo lililojaa moshi mweusi, asione hata mkono wake, hesabu yake inakuwa ya dakika.

Hatari ya pili ni chumba kushika moto chote kwa mpigo. Moshi wa moto hukusanyika darini, joto lake likipanda hadi karibu nyuzi 600 za selsiasi. Hapo kila kitu kilicho chumbani, hata kile ambacho moto haukukifikia, huwaka kwa wakati mmoja. Aliyesimama mlangoni sekunde moja kabla alikuwa kwenye chumba chenye moto. Sekunde inayofuata yumo ndani ya tanuri. Na kwa joto hilo hilo vyuma vinavyoshikilia paa huwa vimepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo paa la mabati linaweza kumwangukia mtu hata kama kuta zimesimama wima.

Kuna vifo visivyopigwa picha. Wapo wanaokufa barabarani, gari likikimbilia tukio. Nchini Marekani, ambako takwimu huwekwa kwa miaka mingi, moyo kusimama ghafla ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazimamoto walio zamuni. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la mambo yaliyothibitishwa kusababisha saratani. Mzimamoto anaweza kuzima moto leo, akarudi nyumbani akila na wanawe, na moto huo huo ukamuua baada ya miaka 20.

Yaliyotokea Worcester

Kisa kinachofaa kila mkazi wa jiji akijue ni cha Worcester, mji ulio katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999 moshi ulionekana ukitoka juu ya ghala la zamani lililokuwa likihifadhi vyakula kwenye baridi. Lilikuwa na ghorofa sita na limeachwa bila kutumika kwa miaka. Kwa kuwa lilijengwa kutunza baridi, karibu halikuwa na madirisha, na kuta zake zilikuwa na tabaka juu ya tabaka za vitu vya kuzuia joto ambavyo vikishika moto huwaka kama petroli.

Kwa jengo tupu, uamuzi wa busara ni kupigana na moto kutoka nje. Lakini wazimamoto waliambiwa kwamba kuna watu wasio na makao ambao huishi humo. Hilo lilikuwa kweli. Watu wawili walikuwa wakilala ndani, na ndio walioangusha mshumaa ulioanzisha moto. Kile ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba wawili hao walishatoka zamani. Walijaribu kuuzima, wakashindwa, wakaondoka zao bila kumwambia mtu yeyote.

Wazimamoto wakaingia kuwatafuta. Wawili wakapotea kwenye moshi, wakaita kwa redio kwamba hewa inawaishia. Wengine wakaingia kuwatafuta hao wawili, na wanne kati yao hawakutoka. Watu sita walikufa wakitafuta watu ambao hawakuwemo. Wenzao waliobaki nje walitaka kuingia tena, na mkuu wao wa eneo akasimama mlangoni akawazuia kwa mwili wake, kwa sababu alishapoteza sita na hakuwa tayari kupoteza wa saba. Huo ni uamuzi mgumu kuliko wa kuingia, na wengi katika kazi hii humheshimu kwa huo. Ilichukua siku nane kuipata miili yote.

Mwaka 2002 mahakama kuu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba mtu aliyeanzisha moto, hata bila kukusudia, ana wajibu wa kufanya juhudi za kutosha kuuzima au kutoa taarifa. Miji mingi ikaanza kuweka alama nyekundu ya mkasi kwenye majengo yaliyoachwa, kuwaonya wazimamoto kabla hawajavuka kizingiti. Mahali ghala lilipokuwa pamejengwa kituo cha zimamoto.

Swali ambalo mkazi ndiye mwenye jibu

Gari la zimamoto linapofika kwenye ploti inayowaka Kangemi au Riruta, swali la kwanza la kiongozi wa kikosi si moto umeanzaje. Ni hili: kuna mtu ndani?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama binadamu mwenye familia ataingia kwenye moshi au atapigana na moto kutoka nje. Kukiwa na mtoto ndani, ataingia. Kukiwa hakuna mtu, hana sababu ya kuhatarisha maisha kwa ajili ya televisheni na magodoro. Tatizo ni kwamba mara nyingi jibu huja kutoka vinywa 50 kwa pamoja. Mmoja anapiga kelele kwamba mama fulani hajaonekana. Mwingine anasema amemwona akipanda matatu asubuhi. Wa tatu ana hakika kuna watoto chumba cha nyuma. Hakuna anayedanganya, ila hakuna aliyehesabu.

Dawa yake haigharimu pesa. Wapangaji wa ploti moja wanaweza kukubaliana mapema mahali pa kukutania moto ukitokea: penye bomba la maji, mbele ya duka fulani, popote palipo mbali na ukuta na nyaya. Msimamizi wa ploti, au mpangaji mmoja anayeaminika, anakuwa na orodha ya vyumba na idadi ya wanaolala katika kila kimoja. Moto ukiwaka, watu wanakwenda pale, wanahesabiwa, na mtu mmoja tu ndiye anayekwenda kuzungumza na wazimamoto. Jibu kama "chumba cha saba hakijahesabika, ni mzee mmoja hatembei vizuri, mlango uko upande wa choo" linaweza kuokoa watu wawili kwa mara moja, yule mzee na anayemfuata.

Na aliyetoka salama asiondoke eneo kimyakimya. Mtu anayekimbia kuokoa nafsi yake, akaenda kulala kwa shangazi yake Uthiru bila kuaga, huhesabiwa kuwa yumo ndani. Kuna anayeweza kufa akimtafuta.

Shuleni hesabu hii ni ya lazima. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2017 bweni la Shule ya Wasichana ya Moi Nairobi, magharibi mwa katikati ya jiji, liliwaka wanafunzi wakiwa wamelala. Wasichana 10 walikufa. Mzazi aliyewahi kusimama kwenye geti la shule usiku wa namna hiyo anajua uzito wa kuwa na orodha iliyo sahihi, na anayejua idadi ya waliolala kila bweni asubuhi hiyo hiyo.

Katikati ya jiji sura ya tatizo ni nyingine. Jengo la zamani la ghorofa nne lililogawanywa kuwa vibanda 60 vya nguo, simu na vipodozi halina mtu mmoja anayejua nani yumo. Wateja wanaingia na kutoka. Ngazi ya nyuma imegeuzwa stoo. Mlango wa dharura una kufuli, kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ina msingi, hakuna anayeidharau, lakini mlango huo ndio ambao mzimamoto aliyeishiwa hewa atautafuta kwa mikono gizani. Nairobi ilishaonja uchungu wa moto wa katikati ya jiji tarehe 28 Januari 2009, duka la Nakumatt Downtown lilipoungua mchana na kuua zaidi ya watu 20, ilhali kituo kikuu cha zimamoto cha Tom Mboya Street hakiko mbali na hapo.

Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007, zinazosimamia maeneo ya kazi nchini, zinamtaka mwenye eneo kufanya zoezi la kukimbia moto angalau mara moja kila miezi 12 na kuwa na kikundi cha wafanyakazi waliofunzwa kuukabili moto. Mfanyabiashara mwenye kibanda kimoja anaweza kudhani kanuni hizo ni za viwanda vya Industrial Area. Mahali pa kazi ni mahali pa kazi.

"Gari limekuja bila maji"

Lawama hii husikika karibu kila moto unapotokea, na wakati mwingine huishia kwa mawe. Inafaa ielezwe kwa hesabu.

Tuseme gari limekuja na lita 10,000. Wazimamoto wanafungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika. Ndani ya dakika 10 tangi ni tupu. Gari halikuja bila maji. Lilikuja nayo na yameisha, na aliyefika eneo dakika ya 11 anakuta watu wa zimamoto wamesimama na mipira mikavu. Kutoka hapo kinachotakiwa ni bomba la zimamoto la kando ya barabara, au gari jingine la maji lililokuwa njiani. Bomba ambalo kibanda kimejengwa juu yake, au limefunikwa kwa takataka na mchanga wa ujenzi, halionekani usiku. Likionekana halifunguki.

Mawe yanayorushwa kwa hasira hufanya nini? Yanavunja kioo cha gari ambalo kesho litaitwa mtaa wa pili. Yanamfanya dereva asimame mbali akisubiri polisi, wakati hewa na muda vinakwisha. Na yanamgeuza mtu aliyeacha watoto wake usiku kuwa adui wa mtaa aliokuja kuusaidia. Mkazi aliyepoteza kila kitu ana haki ya kukasirika, na kama huduma ilichelewa ana haki ya kuuliza kwa nini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo swali hilo lina mlango wa kubisha: ofisi ya kaunti ndogo, mwakilishi wa wadi, na vikao vya umma vya bajeti, ambako idadi ya magari, vituo na sare za kujikinga huamuliwa.

Njia nayo ina mchango wake. Kituo cha Waithaka, katika Dagoretti Kusini, kilisogeza huduma karibu na mitaa ya magharibi ambayo zamani ilitegemea gari litoke katikati ya jiji na kupita foleni yote. Lakini ukaribu wa ramani si ukaribu wa barabara. Kuna vichochoro Kawangware ambako gari la zimamoto halipiti kabisa, na vingine ambako lingepita kama si meza za mboga na pikipiki zilizoegeshwa. Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni, matatu zikiwa zimejipanga safu mbili, gari linaweza kutumia dakika tano kusogea mita chache kutoka getini mwa kituo chake. Dereva anayesikia king'ora akasogea kando na kusimama anafanya sehemu yake ya kuzima moto, hata kama hataona moshi.

Stima, gesi na watazamaji

Baada ya swali la watu, yako mengine mawili. Stima imezimwa? Kuna gesi?

Maji hupitisha umeme. Mzimamoto anayeelekeza maji kwenye ukuta wenye nyaya zilizo hai anaweza kupigwa na stima akiwa amesimama kwenye dimbwi. Pale ambapo stima imeunganishwa kiholela kutoka nyumba hadi nyumba, kuzima swichi kuu ya ploti moja hakutoshi, kwani waya mwingine unaingilia nyuma kutoka kwa jirani. Anayejua kuna waya kama huo akimbie kumwambia kiongozi wa kikosi. Hapo si mahali pa kuogopa kuulizwa nani aliuunganisha.

Gesi ya kupikia imo ndani ya mtungi ikiwa kimiminika. Mtungi ukichomwa na moto, kimiminika kile huchemka, shinikizo hupanda, na chuma kinalegea kwa joto hadi kinapasuka. Vipande vyake huruka mbali na gesi iliyotoka huwaka kama mpira mkubwa wa moto. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi Embakasi uliua watu kadhaa, ukajeruhi zaidi ya 200, na kuchoma nyumba na magari yaliyokuwa karibu. Mzimamoto anayeambiwa "kuna mitungi minne kwenye kibanda cha kona" ataanza kuipoza kwa maji kutoka mbali. Asiyeambiwa atapita kando yake.

Kuhusu watazamaji, jiji hili lina somo lililoandikwa kwa damu. Tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kubwa kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani, kulisikika mshindo mdogo. Watu katika majengo ya jirani walikimbilia madirishani kuona ni nini. Mlipuko uliofuata uliwakuta usoni, na wengi walipoteza macho au maisha kwa vioo. Waliouawa Nairobi walikuwa 213, na majina yao yako kwenye bustani ya kumbukumbu pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Kila moto una mshindo wake wa pili. Umati uliosogea kupiga picha kwa simu unakuwa mzigo mwingine kwa wazimamoto, ambao sasa wana moto wa kuzima na watu 300 wa kuwalinda.

Anayepiga simu kutoa taarifa, kwa namba za dharura za taifa 999, 112 au 911, asiseme tu "Kawangware kunaungua". Ataje barabara, kanisa au shule ya karibu, njia ambayo gari kubwa linaweza kupita, kama kuna watu waliokwama, na asikate simu kabla ya kuambiwa. Kijana wa bodaboda anayekubali kulipokea gari barabarani na kuliongoza hadi ndani ya mtaa ana thamani ya dakika kadhaa.

Mtu mmoja aliyesimama kwenye ngazi

Tarehe 18 Novemba 1987 kituo cha treni cha King's Cross mjini London kilishika moto, chanzo kikiwa njiti ya kiberiti iliyoangukia chini ya ngazi za umeme zilizotengenezwa kwa mbao. Ulionekana moto mdogo, kama wa sanduku la karatasi. Colin Townsley, ofisa wa kituo cha zimamoto cha Soho, aliteremka na wenzake kuukagua. Hakuwa amevaa kifaa cha kupumulia kwa sababu hali haikuonekana kuhitaji. Dakika chache baadaye ukumbi wa tikiti uliwaka wote kwa mpigo. Watu 31 walikufa, yeye akiwa mmoja wao. Mwili wake ulikutwa karibu na wa abiria mmoja mwanamke, na inaaminika alisimama kumsaidia badala ya kukimbia. Kuna kibao chenye jina lake kituoni hapo. Wasafiri wengi hupita bila kukisoma, lakini wote hupanda ngazi zisizo za mbao, na miaka miwili baadaye, 1989, Uingereza ilitunga kanuni maalumu za moto kwa vituo vya treni vilivyo chini ya ardhi.

Familia inayobaki

Mzimamoto ni mwajiriwa, na familia yake ina haki kisheria. Sheria ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake WIBA, inawahusu waajiriwa wa serikali na wa umma kama inavyowahusu wa kampuni binafsi, isipokuwa wanajeshi. Mfanyakazi akifa kutokana na ajali ya kazini, wanaomtegemea hulipwa fidia inayolingana na mapato yake ya miezi 96, yaani miaka minane, pamoja na gharama za mazishi zinazokubalika. Wanaomtegemea ni mume au mke, watoto na jamaa wengine aliokuwa akiwalisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri amjulishe afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya saa 24 kifo kinapotokea.

Haki hizi si za wazimamoto peke yao. Fundi aliyeanguka kwenye jengo Westlands, mlinzi aliyeuawa zamuni Kilimani na mpishi wa hoteli katikati ya jiji wote wamo. Familia nyingi hupoteza fidia kwa kutojua muda. Kati ya matanga, kesi za urithi na kurudi shambani, mwaka hupita upesi, na ombi linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo, likiambatana na cheti cha kifo, nakala ya taarifa ya ajali na uthibitisho wa undugu. Fomu hupatikana katika ofisi za usalama na afya kazini za wizara inayosimamia leba, na kuijaza hakuhitaji wakili.